Adabu Mbele ya Kompyuta

Ukitaka kupima kama kanzidata ya utafiti wa afya inatumika kwa urahisi, kinachokuharibia kazi mapema ni kitu tunachokisifu kila mahali: adabu. Mgeni ametoka Dar es Salaam, kashuka basi na begi lake la kompyuta, mkononi ana barua ya Mganga Mkuu wa Wilaya. Mwenyeji katolewa wodini, zamu yake kashikiwa na mwenzake, ili aje akae mbele ya mashine ya mgeni. Huyo atawezaje kusema kwamba kilicholetwa hakifai? Anasema, "Ni nzuri, haina shida." Kisha anauliza kama umeshakunywa chai.

Nilikuwa mkutubi katika maktaba ya chuo cha udaktari nilipopewa kazi hiyo. Kanzidata yenyewe sitaitaja jina. Iliundwa na vijana hodari wa mjini, kwa fedha za mfadhili, na nia yao ilikuwa njema: kukusanya mahali pamoja tafiti za afya zilizofanyika Afrika Mashariki, ili tabibu wa hospitali ya wilaya asilazimike kuzichambua miongoni mwa rekodi zaidi ya milioni 35 zilizomo PubMed. Walikwisha kuijaribu. Waliita wanafunzi wa shahada ya uzamili, wakawaketisha kwenye chumba chenye kiyoyozi na skrini pana, wakapata alama za kuridhisha sana. Mimi nilitumwa mkoani Tanga kuthibitisha.

Sitaki kuwabeza vijana wale. Ugumu wa kanzidata za aina hii una historia, na sehemu ya historia hiyo ni ya watu wa kazi yangu. Mwaka 1879 John Shaw Billings, daktari wa jeshi la Marekani, alianza kuchapisha Index Medicus, orodha ya maandiko ya tiba iliyotoka kila mwezi. Katika ukoo huo ikaja kuzaliwa MEDLINE, iliyoanza kutafutwa kwa njia ya simu mwaka 1971, na aliyeketi kwenye mtambo kwa kawaida hakuwa daktari bali mkutubi aliyefunzwa kazi hiyo. Hadi PubMed ilipofunguliwa bure kwa kila mtu mwaka 1997, daktari mwenye swali alikuja mezani kwa mkutubi, akaeleza shida yake, naye akahojiwa. Mgonjwa ana umri gani? Unatafuta tiba au vipimo? Unailinganisha dawa hii na ipi? Mara nyingi daktari aliondoka pale na swali jingine kabisa, lililo bora kuliko alilokuja nalo. Baadaye meza ikaondolewa, kikawekwa kisanduku cheupe cha kuandikia. Yale mahojiano hakuna aliyekumbuka kuyahamisha.

Nilisafiri na dodoso mashuhuri katika fani hii, la John Brooke, alilolitunga mwaka 1986 akiwa katika kampuni ya Digital Equipment nchini Uingereza. Lina sentensi 10. Anayejibu anachagua namba, kuanzia 1 kwa asiyekubali kabisa hadi 5 kwa anayekubali kabisa. Hesabu ikipigwa inatoka alama kati ya 0 na 100, na wastani unaotajwa sana ni 68. Ujanja wake ni kwamba sentensi zinapishana: moja inausifu mfumo, inayofuata inaulaumu, ili mtu asiwe anazungushia tu bila kusoma. Ujanja huo haukuwajua waungwana wa Tanga. Walikubali kwamba mfumo ni rahisi, na mstari wa pili wakakubali kwamba umetatanishwa bila sababu, kwa kuwa kumkatalia mtu aliyesafiri si vizuri. Sasa tazama hesabu inavyokwenda: anayeweka 5 kila mstari anapata alama 50. Aliyechoka, anayeweka 3 kila mstari ili arudi haraka kwa wagonjwa wake, naye anapata 50. Ukipelekewa alama ya mwisho peke yake huwezi kumjua nani alikuwa mstaarabu na nani alikuwa na usingizi wa zamu ya usiku.

Matroni mmoja, mama aliyeniita mwanangu tangu nilipomwamkia shikamoo, alijaza dodoso huku akinipa habari za wajukuu zake. Katika kazi tulizompa alikuwa hajafanikiwa kufungua hata makala moja. Alipofika kwenye sentensi inayosema angependa kuutumia mfumo huu mara kwa mara, akazungushia 5. Nikamuuliza kwa upole, mama, mbona hivyo?

"Si mbaya, mwanangu. Mimi ndiye sikusoma kompyuta."

Baada ya siku hiyo nikawa naiandika sentensi ya namna hiyo pembeni ya daftari kila ilipotamkwa, pamoja na saa na kitu ambacho mtu alikuwa akibofya. Mimi ndiye sijui. Mimi ndiye mzito. Macho yangu haya. Jioni nilikuwa nairudia video ya skrini, na karibu kila mara, penye sentensi hiyo nilikuta kasoro ya mfumo. Kulikuwa na kalenda iliyokataa kupokea mwaka mpaka uchague na siku, utadhani kuna mtu anayekumbuka makala ilichapishwa tarehe ngapi. Kulikuwa na ujumbe wa hitilafu wenye tarakimu tupu. Na matroni wangu alikuwa akibofya, kwa subira ya ajabu, picha ya kioo cha kukuzia iliyowekwa juu ya ukurasa. Mahali pengi kwenye mtandao picha hiyo ndiyo ya kutafutia. Hapa ilikuwa nembo, urembo mtupu, na kitufe chenyewe kilikuwa mstari wa kijivu chini yake usiofanana na kitufe. Kompyuta aliijua vizuri kuliko aliyechora ukurasa ule.

Wataalamu wa fani hii hupenda kumwomba mtu aseme kwa sauti anachofikiri wakati anafanya kazi. Kwetu njia hiyo haikufua dafu. Mtu mzima, peke yake na mgeni chumbani, ajisemee? Walitamka sentensi moja mbili kunifurahisha, kisha wakanyamaza na kuendelea kwa nidhamu kama wako kwenye mtihani wa taifa. Ikabidi niwaketishe wawili wawili kwenye kompyuta moja. Wazo hilo si langu. Mwaka 1986 mtafiti wa Japani, Naomi Miyake, alichapisha utafiti wa watu waliokaa wawili wawili wakijaribu kuelewa jinsi cherehani inavyoshona, na mazungumzo yao yakaonyesha hatua kwa hatua jinsi wanavyofikiri. Ila Miyake hakuwa na kitu tulicho nacho sisi, yaani utani.

Mfamasia alikuwa Mpare. Daktari wa mafunzo kwa vitendo, aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka chuoni, alikuwa Mchaga. Sikuwapanga kwa hila. Zamu zao ndizo zilizowaleta. Walipokaa tu, chumba kikabadilika.

"Bofya bwana, hawakati hela hapo."

"Nimebofya. Hii mashine yenu ya Moshi, inataka kwanza ipewe kitu ndipo ifunguke."

"Ingekuwa ya Moshi ingeshafunguka, ikakuuzia na soda."

"Andika 'malaria' tu, tuone. Ehe! Ona. Makala zote hizi, za mwaka gani? Hawaweki mwaka? Sasa mimi nitajuaje kama dawa hii bado inatumika?"

"Kata rufaa, Mpare, si ndiyo kazi yenu."

Swali lile la mwaka lilikuwa la maana kuliko yote niliyosikia wiki ile, na lilikuja katikati ya kejeli. Dawa ya malaria iliyokuwa ya kwanza kwenye mwongozo wakati mimi nasoma sekondari leo haipewi mgonjwa. Makala isiyoonyesha mwaka wake kwenye orodha ya matokeo ni hatari, wala haihitaji mtaalamu kueleza kwa nini. Waungwana wote waliotangulia walikuwa wameipita. Kwa watani, kushindwa hakumwaibishi mtu. Kila mmoja anamsukumia mwenzake, mwenzake anaisukumia mashine, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma yao naandika mbio.

Kuna hesabu inayonukuliwa sana kwenye warsha, ya Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993. Kwa wastani mtu mmoja hufichua kasoro kama asilimia 31, kwa hiyo watu watano wanatosha kufichua asilimia 85 hivi. Wafadhili wanaipenda kwa sababu ni ya bei nafuu. Lakini inachukulia kwamba watu wanafanana, na kwamba mtu akikwama atakwama waziwazi. Waungwana watano hawafichui asilimia 85 ya chochote.

Kazi iliyonifunza zaidi niliitunga kwa sababu ya mahali tulipokuwa. Mtoto ameletwa na homa kali, mikono na miguu imepoa, mapigo ya moyo ni dhaifu. Je, umpe maji mengi ya dripu kwa mkupuo? Kwa miaka mingi jibu la vitabu lilikuwa ndiyo. Kisha ukaja utafiti wa FEAST, ulioongozwa na Kathryn Maitland wa Kilifi na kufanyika Kenya, Uganda na Tanzania. Watoto 3,141 walikuwa wameandikishwa ulipositishwa mapema, Januari 2011, kwa sababu waliopewa maji ya mkupuo walikuwa wakifa zaidi: katika saa 48 walikufa zaidi ya asilimia 10 kati yao, na kati ya wasiopewa, asilimia 7.3. Mwaka huohuo matokeo yakachapishwa katika New England Journal of Medicine. Na Tanzania, watoto wale walilazwa Hospitali Teule ya Muheza. Mkoa uleule. Kutoka tulipokaa ungeweza kwenda na kurudi kwa gari la abiria kabla ya chakula cha mchana.

Aliyepewa kazi hii alikuwa tabibu kijana mwenye akili nyingi. Aliandika kwa Kiingereza, lugha tunayosomea tiba sote: neno la mzunguko wa damu kushindwa, neno la watoto, neno la tiba, na mwisho Tanzania. Hakuna matokeo. Akaondoa neno la tiba. Hakuna. Akaondoa la watoto, akapata makala moja ya wajawazito wanaovuja damu. Akaegemea kiti.

"Labda hapa kwetu hawajaifanyia utafiti," alisema.

Makala ilikuwemo. Nilikuwa nimehakikisha kabla ya kuondoka mjini. Kilichotokea ni kwamba kisanduku kilitafuta kwenye vichwa vya makala peke yake, na kilidai kila neno liwepo. Kichwa cha makala ya FEAST kinataja vifo, maji ya mkupuo, watoto wa Afrika na maambukizi makali. Tanzania hakiitaji. Tiba hakiitaji. Mzunguko wa damu kushindwa umo ndani ya ikisiri, huko ambako kisanduku hakikuchungulia. PubMed inalishughulikia tatizo hili kwa orodha ya istilahi za tiba iitwayo MeSH, iliyoanzishwa mwaka 1960: unaandika neno lako la kila siku, nayo inaliongezea istilahi rasmi na visawe vyake kabla ya kutafuta. Kanzidata yetu haikuwa na msaada wowote wa aina hiyo. Hata upungufu wa damu ulioandikwa kwa tahajia ya Uingereza, tuliyofunzwa tangu shule, haukukutana na upungufu wa damu ulioandikwa kwa tahajia ya Marekani.

Nililalamika sana baadaye juu ya maneno yale mawili, "hakuna matokeo", nikaonekana mtu wa mambo madogo. Lakini mtu wa wodini hayasomi kama mwanakompyuta. Mwanakompyuta anasikia kwamba maneno haya hayakulingana na rekodi. Tabibu anasikia kwamba sayansi haijui. Akishasikia hivyo anarudi kwa mtoto na kufanya alichofundishwa zamani, na hakuna wa kumlaumu.

Yule daktari Mchaga aliifikia makala, kwa njia ndefu, na hapo nikaona hatari ya upande wa pili. Kwenye simu, ili kuokoa nafasi, kanzidata ilionyesha kichwa na hitimisho la ikisiri tu. Yaliyo katikati yalifichwa nyuma ya kiungo kidogo. Aliposoma hitimisho akasema, "Kumbe watoto wasipewe dripu ya haraka." Katikati, palipofichwa, waandishi wamesema kwamba watoto wenye utapiamlo na wenye kuhara hawakuingizwa katika utafiti. Mtoto wa kipindupindu aliyekaukiwa sana anahitaji maji ya mshipa, na anayahitaji upesi. Yaani kanzidata ileile, kwa swali lilelile, ingeweza kumdhuru mtoto mmoja kwa kuficha makala na kumdhuru mwingine kwa kuionyesha nusu. Mfamasia akauliza swali ambalo hatukuwa tumelitengenezea hata kitufe: "Sasa mwongozo unasemaje?" Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliorekebishwa kuhusu dharura za watoto mwaka 2016. Haukuwa umeunganishwa na makala ile. Watu hawa hawakuwa wanataka utafiti kwa ajili ya utafiti. Walitaka kujua wafanye nini, na nani kaidhinisha.

Jambo la vifaa nitalisema kwa kifupi kwa kuwa kila mtu analijua. Kompyuta yenye mtandao ilikuwa ofisini kwa katibu wa hospitali, na ofisi inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Watoto wenye homa kali huletwa usiku. Kwa hiyo kanzidata halisi ni ile inayofunguka kwenye simu, kwa bando la mtu mwenyewe, na makala zilizopangwa kwa safu mbili za maandishi madogo unazisoma kwa kuvuta huku na huku kwa kidole. Kuna mpango wa HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, unaofungua majarida ya kulipia kwa taasisi za nchi maskini, na Tanzania imo. Ni msaada mkubwa, nimeutumia miaka yote. Lakini nywila ni ya taasisi. Mwanafunzi anasoma kila anachotaka akiwa chuoni, anahitimu, anapangiwa kituo, na siku anayokutana na mgonjwa wake peke yake ndiyo siku ambayo mlango umeshafungwa nyuma yake.

Na kuna kasoro ambazo hata watani hawawezi kuzifichua. Kwenye rafu ya UVIKO-19 niliikuta makala ya Lancet ya tarehe 22 Mei 2020 kuhusu dawa ya hydroxychloroquine, iliyodai kuchambua wagonjwa wapatao 96,000 kutoka mabara sita. Iliondolewa na waandishi wake watatu kati ya wanne tarehe 4 Juni mwaka uleule, siku chache baadaye, kwa kuwa takwimu zilizotumika hazikuweza kuthibitishwa. Kwenye PubMed ina tangazo linaloonekana wazi. Kwetu ilikaa safi, haina alama, kwa sababu rekodi ziliingizwa mara moja na hazikuwa zinasasishwa. Washiriki waliifungua bila taabu na wakasifu ilivyopangwa vizuri. Ukipima urahisi peke yake, ukurasa ule ulifaulu.

Kikao cha kutoa matokeo kilikuwa mjini. Nilianza na video ya watani badala ya majedwali. Vijana walicheka, kisha wakaacha kucheka, kisha mmoja akasema lililosemwa katika kila kikao cha namna hii nilichowahi kuhudhuria: tuandae mafunzo. Nikauliza, tumfundishe nani? Muuguzi unayemfundisha leo mwakani kahamishiwa Kilindi, na anayekuja mahali pake atakuta picha ya kioo cha kukuzia isiyofanya kazi. Ubishi ulichukua muda. Kwa haki yao, walisikia. Kisanduku sasa kinatafuta ndani ya ikisiri, tahajia mbili zinatambuana, mwaka umewekwa mbele ya kila kichwa, na badala ya "hakuna matokeo" kuna maelezo kwamba maneno haya hayakupatikana pamoja, na maswali mafupi: mgonjwa ni mtoto au mtu mzima? Unatafuta tiba, kinga au vipimo? Niliyatambua maswali hayo. Makala zilizoondolewa zinapata alama nyekundu. Kuunganisha makala na miongozo kulishindikana, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuajiriwa kuifanya kazi hiyo kila wiki, na mfadhili hulipia kujenga, si kutunza. Ripoti yake ilihitaji alama moja kati ya 0 na 100. Tulimpa, na chini yake nikaandika aya ya kueleza kwa nini asiiamini. Aya haikuchapishwa.

Yule tabibu kijana aliniandikia WhatsApp baadaye. "Dada, ile ya Muheza sasa naipata hata nikikosea maneno. Ila ukifungua makala nzima inamaliza bando." Niliupeleka ujumbe huo kwa vijana. Walijibu kwamba uzito wa faili ni suala la mchapishaji, ila watajaribu kuweka ukurasa mwepesi wa maandishi matupu kwa zile makala ambazo leseni zake zinaruhusu. Nimeifungua kanzidata tena kabla ya kuandika haya, kwenye simu, kwa bando langu. Bado.